Kioo kikijaa ukungu barabarani: tupeane uzoefu wa AC na hita

Wa Ruaka
Leo asubuhi nimeshuka Limuru Road kioo kikiwa cheupe kama maziwa. Nani ameponea chupuchupu kwa sababu ya vitufe vya hewa? Tupeane.

Mama Pacha
Usiku ule bado naota. Julai, tumetoka mazishini Nakuru, watu sita garini, mvua. Tulifika Kinale saa mbili usiku. Shangazi akaomba vioo vifungwe, baridi ilikuwa inamwingia mifupani. Gari lenyewe lilikuwa geni kwangu, limetoka Japani juzi tu. Nikabonyeza kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojikunja ndani yake, nikidhani kinazuia baridi. Basi. Ukungu ukaanzia pembeni, ukaja katikati. Nikapangusa kwa ncha ya leso, ikaacha michirizi, na taa za magari yanayokuja zikatawanyika kioo kizima. Mara sioni hata boneti. Nikateremsha kioo cha upande, nikatoa kichwa nje, mvua usoni, ndipo nikaona mgongo wa trela. Imesimama bila taa, kama hatua kumi mbele. Nilikanyaga breki mpaka mguu ukafa ganzi.

Tanboi wake akaja na tochi. "Mama, toa hiyo ya kuzungusha hewa. Washa AC, weka joto, elekeza kwenye kioo." AC, kwa baridi ile! Lakini kioo kilisafika kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anapandisha pazia. Pacha wangu walilala usingizi muda wote, hawakuamka.

Kijana wa Pipeline
Mwili umenisisimka. Pole, Mama Pacha.

Mzee wa Kitengela
AC wakati wa baridi ni kuchoma mafuta bure. Fungua dirisha kidogo, yatosha. Miaka 30 naendesha hivyo.

Fundi wa Grogan
Mzee, kwa heshima, hapo nakupinga. Ukungu ni pumzi zetu zinazotua kwenye kioo baridi. AC huikausha hewa kabla haijafika hapo, na maji yanayodondoka chini ya gari ndiyo yaliyokamuliwa. Joto la hita linatoka kwenye maji ya injini, tayari lipo. Mafuta utakayookoa hayanunui hata bampa.

Mzee wa Kitengela
Na siku AC imeisha gesi?

Fundi wa Grogan
Siku hiyo dirisha lako litakuokoa, nakubali.

Wa Mombasa Road
Nyinyi mnalia baridi, sisi tunaungua. Desemba, nimepita Mtito Andei, geji ya joto la injini ikapanda. Nikazima AC, nikafungulia hita hadi mwisho ili ivute joto la injini, vioo vyote chini. Jasho mpaka kwenye soksi, lakini sindano ilirudi na Voi nikafika.

Baba Umoja
Usipotoshe watu! Mimi nilifanya hivyo hivyo, hita ikatoa upepo baridi, nikaendelea tu. Hedi ya injini ikapinda. Simama, zima, ngoja ipoe.

Fundi wa Grogan
Baba Umoja, upepo baridi na geji iko juu ni dalili kwamba maji ya injini yameisha. Hapo kweli husogei hata mita. Na kifuniko cha rejeta kisiguswe kikiwa moto, nimeona mtu akiungua uso mzima.

Wa Ruaka
Mama Pacha, kile kitufe ulikifanyaje?

Mama Pacha
Nimebandika karatasi juu yake, nimeandika HEWA YA NDANI kwa wino mwekundu. Na yule tanboi, kama unasoma hapa, sikukuuliza jina. Asante, mwanangu.