Canter gia ngumu: nibadili raba, masta zote mbili, au nishushe giaboksi?

Viazi_Isyonje: Wakuu, habari za jioni. Nina Canter ya zamani, gia zimekuwa ngumu kuingia, na rivasi ndiyo inakwaruza hasa. Fundi wa kwanza kasema tushushe giaboksi tubadili klachi nzima: pleti, presha pleti na beringi. Wa pili kasema ni raba tu za masta, yaani zile pampu za mafuta ya klachi. Jirani ananiambia ninunue masta mpya zote mbili, ya juu kwenye pedali na ya chini kwenye giaboksi, mambo yaishe. Jumatatu alfajiri nina viazi vya kupeleka Uyole na hela niliyonayo inatosha njia moja tu. Nifuate ipi?

FundiUyole: Mkuu, umeuliza dawa bila kusema mgonjwa anaumwa wapi. Injini gani? Gia ni ngumu injini ikiwa inaunguruma, au hata ukizima? Ukipampu pedali mara mbili tatu inaingia? Mafuta ya klachi kwenye kikopo yanapungua? Bila hayo hata mimi nitakubahatishia kama hao wawili.

MbaoMafinga: Mimi nasema masta mpya zote mbili, usipoteze muda. Raba za kubadili kila baada ya miezi mitatu zimenichosha.

DadaTukuyu: Kaka, klachi ikiisha inateleza. Injini inapiga kelele, gari haipandi. Je, ukiwa na mzigo inateleza? Kama haitelezi, sioni kwa nini pleti ilaumiwe kwanza.

Viazi_Isyonje: Samahani wakuu. Injini ni 4D32. Haitelezi, juzi imepanda na mzigo vizuri tu. Kikopo niliongeza wiki iliyopita, leo kimeshuka tena. Kuhusu kuzima sijajaribu. Na asubuhi ndiyo inakuwa mbaya zaidi, huku kwetu baridi ni kali.

FundiUyole: Sasa tunaongea. Zima injini, pitisha gia zote moja moja. Zikiingia laini, halafu ukiwasha zinagoma, maana yake klachi haiachii vizuri. Kama gia moja tu inagoma hata injini ikiwa imezimwa, hapo angalia kebo za gia au ndani ya giaboksi. Jaribio la pili: washa, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka tano, ndipo uweke rivasi. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, pleti bado inazungushwa na injini. Baada ya hapo pampu ujaribu tena. Ikiingia baada ya kupampu, kuna hewa au raba inavujisha presha. Hakuna haja ya kugusa giaboksi kabla ya kufanya haya, ni kazi ya robo saa.

Dereva_Kitonga: Naomba niseme yaliyonikuta, maana yaliniogopesha sana. Nilikuwa nateremka na mbao kwenda Dar. Mafuta ya klachi yakapungua njiani, utingo akajaza mafuta ya stiringi kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Tukalala Ilula. Asubuhi pedali ngumu, inarudi polepole. Nikasema itapona ikipata moto. Tumefika juu ya Kitonga, natoa nne niweke tatu, tatu ikakataa. Nne nayo haikurudi. Gari iko fri, mteremko uko mbele, nyuma tani za mbao. Nashukuru Mungu ilikuwa mwanzoni kabisa, mwendo mdogo, breki zikashika, utingo akaruka na gogo akalitia chini ya tairi. Mikono yangu haikuacha kutetemeka kwa nusu saa. Tulipofungua masta, raba zilikuwa zimevimba kama mandazi yaliyolowekwa chai. Nilibadili masta ya juu, ya chini na mpira wa mafuta unaoziunganisha, vyote. Klachi pleti niliyokuwa nimeibadili mwezi uliotangulia kwa ushauri wa fundi haikuwa na kosa lolote. Usiweke kitu kingine humo, weka mafuta ya breki tu.

MbaoMafinga: Ndiyo maana nasema nunua mpya zote mbili.

FundiUyole: Mpya bila kukagua mpira wa mafuta ni kazi nusu. Mpira wa zamani unavimba ukikanyaga, presha inaishia pale pale. Mtu akanyage, wewe ushike kwa mkono, utauhisi.

DadaTukuyu: Na hiyo ya asubuhi mnaipita. Giaboksi ina mafuta gani? Wengi huku wanaweka mafuta ya namba 140 wakidhani mazito yanalinda zaidi. Kwenye baridi ya Isyonje yanakuwa kama asali, gia lazima iwe nzito mpaka ipate moto. Mimi natumia mepesi zaidi, 80W-90, tena ya daraja la GL-4. GL-5 si zote zinapatana na ringi za shaba zilizo ndani ya giaboksi.

MbaoMafinga: Dada, GL-5 nimetumia miaka mingi, giaboksi haijasema kitu.

DadaTukuyu: Wewe una bahati, kaka. Mimi nazungumzia kitabu cha gari kinavyosema. Kila mtu asome cha gari lake.

Dereva_Kitonga: Mafuta mazito hayapunguzi kikopo lakini. Mwenzetu kikopo kinashuka.

Viazi_Isyonje: Wakuu, nimerudi. Injini ikiwa imezimwa zote zinaingia laini, isipokuwa ya pili inavuta kidogo. Ikiwa inaunguruma rivasi inakwaruza hata nikihesabu mpaka tano. Nikipampu mara tatu inaingia kama ya mtu mwingine. Juu kwenye pedali ni pakavu. Nimefunua kifuniko cha raba cha masta ya chini, kidole kimetoka kimelowa mafuta meusi.

FundiUyole: Masta ya chini inavuja, hapo hakuna mjadala. Hiyo gia ya pili itazame baadaye. Fungua, safisha, upitishe ukucha ndani kabla hujaweka raba.

MbaoMafinga: Na ya juu je? Ukiweka mpya chini, ya juu iliyochoka ndiyo itafuata. Utafungua mara mbili.

FundiUyole: Ya juu ni kavu na hela yake ni ya njia moja. Umeisoma hiyo?

Viazi_Isyonje: Nimefungua. Raba mpya nilikuwa nazo tayari, lakini ndani kuna michirizi ya kutu, ukucha unakwama sehemu mbili. Nikiweka raba hapa italiwa wiki hii hii. Maduka yamefungwa na mzigo ni alfajiri. Ndaga fijo, asanteni sana wote. Kuna mwenye masta ya chini ya 4D32 hapa karibu usiku huu, hata iliyotumika, mradi ukuta wake ni laini?

Dereva_Kitonga: Uko Isyonje au umeshashuka Uyole?