Nimesoma PCB na sabu mathi, nichukue fizikia gani mwaka wa kwanza?

kijana_wa_Busia
Wakubwa shikamooni, naombeni ushauri. Nimeingia mwaka wa kwanza hapa Kampala, S6 (kidato cha sita) nilimaliza na PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na sabu mathi, ile hesabu ndogo ya nyongeza. Sasa kwa usajili kuna fizikia mbili, moja ya watu wa baiolojia haina kalkulasi (hesabu za vitu vinavyobadilika), ingine wanachukua watu wa hesabu na uinjinia na kalkulasi inaanza wiki ya kwanza. Mimi nataka baadaye niende fizikia ya tiba, zile mashine za mionzi za kutibu kansa. Wenzangu hosteli wanasema chukua nyepesi ulinde maksi. Usajili unafungwa Ijumaa jamani.

MamaLenzi
Marahaba mwanangu. Anzia mwaka wa pili urudi nyuma. Tafuta kwa kitabu cha kozi yale masomo unayotaka, umeme na sumaku, fizikia ya atomi, uone yanadai fizikia gani ndio uruhusiwe kuingia. Mara nyingi hiyo isiyo na kalkulasi wanaikataa, unaanza upya na karo unalipa tena.

Nikupe mfano uone kalkulasi inahitajika wapi, springi ya niutoni 200 kwa mita, ivute sentimita 10. Mwishoni nguvu ni niutoni 20, mtu anazidisha na mita 0.1 anaandika nishati juli 2, kumbe ni juli 1 kwa sababu nguvu ilianzia sifuri ikapanda pole pole. Hapo hata bila kalkulasi unatumia wastani wa nguvu, niutoni 10, unapona. Lakini miale ya eksirei ikipita mwilini haipungui hivyo, kila sentimita inakula sehemu ya kile kilichobaki, sasa wastani utakuangusha, lazima ujue kuintegreti, yaani kujumlisha vipande vidogo vidogo kwa kalkulasi. Na hiyo ndiyo kazi unayoitaka!

fundi_Gulu
Naunga mkono mama lakini tusimtishe kijana. Hiyo isiyo na kalkulasi pia ni fizikia kamili, presha ya damu, lenzi za macho, sauti, mtu anayeenda uuguzi au maabara imemtosha kabisa. Wewe shida yako ni hesabu tu. Sabu mathi ilikugusisha kudifarenshieti (kutafuta kitu kinabadilika kwa kasi gani) na kuintegreti, kwa hiyo si mgeni, ila spidi huna. Omba pasipepa (mitihani ya zamani) za hiyo kozi ya kalkulasi kwa watu wa mwaka wa pili, kaa nazo jioni moja, kama unaelewa swali linataka nini hata jibu likikushinda, ingia. Halafu chukua na kozi ya kalkulasi semesta hii hii, usiiache ya mwakani, maana lecha akiandika v = dx/dt ubaoni hangoji mtu.

kijana_wa_Busia
Asanteni sana wazee wangu. Nimefungua kitabu cha kozi, kweli umeme na sumaku wanadai ile ya kalkulasi. Pasipepa nimepata kwa dada mmoja wa mwaka wa pili, mwendo naelewa, mzunguko (vitu vinapozunguka) bado unanisumbua.

MamaLenzi
Mzunguko unasumbua wote. Jisajili, halafu tuma hilo swali la mzunguko hapa tuliangalie pamoja.