Mjadala: Maandiko yafungwe au yaachwe wazi?

Mwanzisha mada, Umoja
Wadau, jana saa saba mchana nilikuwa bustani ya Jeevanjee, hapa Nairobi, natafuna karanga zangu. Mhubiri mmoja akasema Mungu hajafunga mdomo, kwa hivyo Biblia nayo haijafungwa, bado inaweza kuongezwa. Jamaa wa kanzu akamrushia, "Basi tusomee Ufunuo sura ya 23!" Watu wakacheka. Mimi kicheko kilinikwama, maana kwetu sura hiyo ipo.

Biblia ya mama yangu ni ile ya jalada jeusi. Kurasa tupu zilizo nyuma, baada ya Ufunuo 22, amezijaza kwa kalamu ya bluu: tarehe, neno alilopewa na nabii wake, na pembeni mbegu aliyopanda, yaani pesa alizomtumia nabii huyo. Elfu mbili. Elfu tano. Penye elfu thelathini alikuwa ametabiriwa ploti, na ploti hiyo hatujaiona mpaka leo. Ukimwambia hayo si Maandiko, anakubali. Lakini kukicha, hizo ndizo kurasa anazofungua kwanza.

Msimamo wangu: yafungwe, na ufunguo utupwe Mto Nairobi. Mwasemaje?

Mzee wa Kariokor
Yafungwe na nani, kijana wangu? Onyo la Ufunuo 22:18 linahusu unabii wa kitabu kile. Kumbukumbu la Torati 4:2 pia linakataza kuongeza, na baada yake wakaja Isaya, Yeremia na Agano Jipya zima. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo leo tunaikuta kwenye barua ya Pasaka ya askofu Athanasius wa Aleksandria, mwaka 367. Sisi Wakatoliki tuna vitabu 73, mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukavithibitisha 1546. Waprotestanti 66. Waorthodoksi wa Ethiopia 81, kitabu cha Henoko kikiwemo, na Yuda katika waraka wake anamtaja Henoko kwa jina na kunukuu unabii wake. Sasa wewe unataka kufuli la nani?

Eastleigh
Assalaam aleikum. Kwetu Qur'ani 33:40 imemaliza: Mtume Muhammad ndiye mwisho wa manabii. Lakini tazameni, hadithi zake, yaani maneno na matendo yake yaliyosimuliwa, zimejaa juzuu kwa juzuu, tunazipenda na tunazifuata, na hakuna anayeziingiza ndani ya msahafu. Mnunulie mama daftari, ndugu.

Kayole
Mimi ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na kwetu mlango uko wazi. Kitabu cha Mormoni kilichapishwa 1830. Mwaka 1978 ukaja ufunuo kwamba kila mwanamume anayestahili apewe ukuhani, wa rangi yoyote. Tamko hilo sasa limo katika maandiko yetu. Kabla ya hapo mtu mweusi kama mimi alinyimwa. Mnaposema "yafungwe", kumbukeni kuna watu wangebaki nje.

Eastleigh
Na aliyekufa 1977?

Kayole
Swali hilo linaniuma hata mimi. Siwezi kukudanganya.

Mwanzisha mada, Umoja
Kayole, umenipunguzia ukali. Swali moja tu: tamko hilo liliingiaje? Kiongozi alilala, akaamka, akaandika?

Kayole
Hapana. Lilisomwa mbele ya waumini kwenye mkutano mkuu, Septemba mwaka huo huo, wakainua mikono kulikubali.

Mwanzisha mada, Umoja
Hapo sasa. Nabii wa mama hajawahi kuinuliwa mkono na yeyote. Anapiga simu usiku, na kabla neno halijakauka ashataja nambari ya kutumia pesa. Mzee, nakubali kufuli lina historia na lilitiwa na watu. Lakini lilitiwa na wengi, kwa miaka mingi, wakibishana. Huyu wa kwetu ameongeza sura peke yake kwa dakika tatu za maongezi.

Daftari nimenunua, kurasa 96. Amelipokea kwa shukrani na tayari ameandika ndani yake hesabu za chama chao cha kuchanga pesa. Biblia imebakiwa na ukurasa mmoja mtupu.