Mtoto jino linamuuma tangu jana usiku, Idi imeingia na kliniki zimefungwa, wana Tanga nisaidieni

mama_wawili_Makorora (Idi mosi, saa 4:10 usiku)

Asalam aleikum ndugu zangu, Idi mubarak. Naandika hapa mtoto kanilalia mapajani analia na mimi mwenyewe machozi yako karibu. Binti yangu ana miaka saba, tangu jana usiku jino la nyuma, chini kulia, linamuuma. Leo mchana alikua afadhali, kavaa gauni lake kaenda na wenzie kuzunguka nyumba za watu kupewa sikukuu, karudi saa kumi na mkoba umejaa pipi na biskuti na visheti, ilipoingia magharibi tu likaanza upya na saivi hata kulala hawezi, akiweka kichwa kwenye mto anapiga kelele.

Nimemulika na tochi ya simu naona kitundu cheusi juu ya jino. Nimempa sirapu ya parasetamo kijiko kimoja kile cha mili tano, asubuhi na saa moja hii ya jioni, haijamsaidia kitu. Mama mkwe anasema niweke karafuu, jirani kaniambia nimkatie nusu ya diklofenaki ya baba yake, na ndani kuna amoksilini zilibaki alivyokua anakohoa. Idi ndo imedondokea Alhamisi, kesho Idi pili halafu wikiendi, kliniki tunayoijua sisi mpaka Jumatatu. Baba yake kasafiri. Niende hospitali ya Bombo usiku huu au nisubiri? Na jino lenyewe si la utoto hili, litadondoka tu, kuna haja ya kuhangaika hivi?

bi_mkubwa_Duga (saa 4:25)

Wa aleikum salam mwanangu, pole sana, maumivu ya jino la mtoto yanamuuma mama kuliko mtoto. Kwanza kabla ya dawa yoyote mtazame kama hana nyama imekwama, leo watoto wote wamekula pilau, uzi mmoja wa nyama ukiingia kati ya magego mawili na kuna tundu hapo basi hakulaliki. Chukua uzi wa kushonea safi upitishe kati ya meno taratibu bila kuchoma fizi, halafu maji ya vuguvugu glasi moja na chumvi nusu kijiko cha chai, asukutue ateme, asimeze, arudie mara mbili tatu. Wajukuu zangu wote nimewafanyia hivyo.

Akilala muwekee mito miwili kichwa kiwe juu. Akilala sawasawa ndo linagonga.

Na tafadhali asikudanganye mtu ukaweka ugoro au maji ya betri kwenye tundu. Zamani nilimuona kijana kawekewa hayo ya betri, kilichoungua ni fizi na ulimi, jino likaendelea kuuma vilevile.

tabibu_wa_meno (saa 4:50)

Dada pole. Mi kazi yangu ni meno hapahapa Tanga, ngoja nikueleze moja moja maana usiku huu unaweza kuupita salama.

La kwanza, mwangalie sasa hivi kabla hujasoma yanayofuata. Shavu au chini ya taya kumevimba? Ana homa? Anafungua mdomo vizuri, anameza mate yake mwenyewe? Kama kavimba na ana homa, au mdomo haufunguki, au mate yanamtoka hawezi kumeza, au uvimbe unapanda kwenye jicho au kushuka shingoni, au anapumua kwa shida, usisubiri Idi pili wala Jumatatu, ita bajaji nenda Bombo emajensi, ile ni hospitali ya rufaa ya mkoa na wagonjwa wa dharura wanapokelewa usiku na mchana. Usaha wa jino ukishaanza kusambaa huwa haungoji sikukuu iishe.

Kama hana lolote katika hayo, ni maumivu peke yake, basi tatizo lako kubwa naliona kwenye kijiko. Mili tano za sirapu ya kawaida ni kipimo cha mtoto wa miaka miwili hivi, wewe una mtoto wa miaka saba, ndo maana unaona haisaidii. Parasetamo inapimwa kwa uzito, miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo. Soma chupa, kama imeandikwa 120 kwa mili 5, mtoto wa kilo ishirini anapewa mili 10. Ila kuna chupa za 250 kwa mili 5, hizo ni mili 5 tu, kwa hiyo soma kwanza usije ukampa mara mbili. Kila baada ya saa nne mpaka sita, zisizidi mara nne kwa siku nzima, na kama umempa saa moja basi saa tano ndo mapema kabisa ya kumpa tena. Upime kwa kile kikombe au sirinji ya dawa, kijiko cha jikoni kinadanganya.

Diklofenaki ya baba yake hapana, ile imepimwa kwa mwili wa mtu mzima. Aspirini hapana kabisa kwa mtoto, si ya kumeza wala ya kubandika kwenye fizi, inababua. Na amoksilini zilizobaki ziache hukohuko, tundu kwenye jino halizibwi na antibayotiki, na vidonge viwili vitatu vya mabaki havitoshi dozi, unawazoesha tu wadudu dawa.

Barafu ifunge kwenye kipande cha khanga umuwekee juu ya shavu kwa nje, dakika kumi, unatoa, unarudia. Usimkande na maji ya moto.

Sasa swali lako la mwisho ndo lililonifanya nishike simu. Una uhakika ni jino la utoto? Mfungue mdomo uhesabu, anzia katikati pale mbele kwenda nyuma upande huo unaouma, na kama mbele ana pengo lihesabu nalo kama jino. Meno ya utoto yanaishia la tano. Lolote la sita limeota akiwa na miaka kama sita hivi nyuma ya yale ya utoto, halikumng'oa mwenzake, kwa hiyo wazazi wengi hawajui limeota lini. Hilo la sita ni la kudumu. Hakuna jingine litakaloota pale.

mama_wawili_Makorora (saa 5:15)

Shukran sana Mungu awalipe. Hajavimba, nimemshika paji la uso hana joto, mdomo anafungua. Kweli chupa ni 120, nimempa mili 10 saa tano ilivyofika. Na uzi nimepitisha, kumbe kweli kulikua na nyama, imetoka, na kidonge cha biskuti pia kilikua kimegandia mle kwenye tundu. Nimehesabu mara tatu kwa tochi. Ni la sita. Sasa ndo nimeogopa zaidi kuliko mwanzo maana nilishapanga Jumatatu nikamwambie daktari aling'oe tu tumalize.

baba_Sahare (saa 5:40)

Dada usimng'oe kabla hujauliza. Mimi mwanangu alikua na miaka minane, jego likamuuma wiki moja, nikampeleka sehemu fulani, sitaitaja, tukaambiwa ni jino bovu litolewe, likatolewa dakika kumi tukarudi nyumbani tumefurahi. Hakuna aliyeniambia ni la kudumu na mimi sikujua kuuliza. Leo ana miaka kumi na tano, jino la nyuma yake limelalia kwenye pengo, chakula kinaingia pale kila siku na upande ule hatafuni. Nikimuona anatafuna na shavu moja naumia mpaka leo, kwa kweli. Ukifika sema hivi, naomba mniambie kwanza kama linazibika.

Na hiyo ya amoksilini nilishaifanya pia kwa huyohuyo, siku mbili maumivu yakapoa nikajua kapona nikaacha, haukuisha mwezi shavu likavimba.

bi_mkubwa_Duga (saa 5:52)

Mimi na karafuu nasema isitukanwe. Tumeitumia miaka yote na inatia ganzi kweli.

tabibu_wa_meno (saa 6:05)

Bi mkubwa siitukani, shikamoo. Kinachotia ganzi kwenye karafuu hata sisi tunakitumia, dawa moja ya kuzibia jino kwa muda inachanganywa na hicho hicho. Ninachoogopa ni mafuta yake ya kwenye kichupa, yakiwa makali bila kupunguzwa yanaunguza fizi, na mtoto mdogo akiyameza yanaweza kumdhuru vibaya. Mtu mzima aume punje yake moja ateme, sina neno. Kwa mtoto anayelia usiku, siipendekezi.

Mama wawili, kesho na keshokutwa mpe vyakula laini visivyo moto wala baridi sana, atafunie upande mwingine, na meno apige mswaki kama kawaida hata upande huo, polepole. Mkoba wa pipi uweke juu ya kabati. Maumivu yakiacha ghafla usiseme kapona, wakati mwingine ni mshipa wa ndani umekufa, Jumatatu mpeleke vilevile.

mama_wawili_Makorora (Jumatatu, saa 2 usiku)

Ndugu zangu nimerudi kuwaambia. Ule usiku alilala saa sita na nusu mpaka adhuhuri inakaribia, mito miwili, Idi pili tulishinda ndani yeye na katuni mimi na saa ya dawa. Jumamosi lilimuuma mara moja tu.

Leo tumefika Bombo asubuhi mapema, nikasema vile vile kama baba Sahare alivyonifundisha, naomba mniambie kwanza kama linazibika. Wakapiga picha, wakasema tundu limeingia ndani ila mshipa haujafikiwa, limezibwa. Alilia kwenye sindano ya ganzi, baada ya hapo katulia kanishika kidole.

Kilichonigusa ni maswali ya yule mama aliyemtibu. Hakuniuliza pipi za Idi, kaniuliza Ramadhani. Mtoto alikua anakula daku? Nikasema ndio, alikua anapenda kuamka na sisi, anakunywa uji wenye sukari na tende mbili tatu halafu analala palepale. Na kabla ya daku futari, tambi, kalmati, juisi, anadonoa mpaka analala. Mswaki je? Asubuhi tu, tena akikumbuka. Kaniambia siku mbili za pipi hazitoboi jino, ila mwezi mzima wa kulala na uji mdomoni unaweza kulizidishia kuoza, maana usiku mate yanapungua na sukari inakaa palepale, na jino la miaka sita likiwa jipya bado halijakomaa, tena lina mifereji juu ambayo chakula kinajificha. Mimi siku zote nilikua nahesabu kuwa kumlaza mtoto ameshiba ndo kumtunza.

Kanipa kazi ya kumpigisha mswaki mwenyewe kila usiku, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya kunde, ateme asisukutue, na daku ikija mwakani uji kwanza, mswaki, ndo kitanda. Upande wa kushoto nako kuna jego la sita lina doa, tunarudi wiki ijayo.

Mama mkwe kanitolea tambi leo jioni nikamgawia mtoto kidogo akala mezani akamaliza akapiga mswaki. Saivi kalala, kalalia shavu lile lile la kulia.