G.711 au G.729 kwa simu za intaneti za ofisi ndogo?

Vipuri_Moro
Ndugu wanajukwaa, ofisi yetu ya watu 10 hapa Morogoro inataka kuachana na simu za mezani za zamani na kuhamia simu za intaneti. Laini yetu hupakua kwa megabiti 10 kwa sekunde, lakini hupakia kwa megabiti 2 tu. Fundi wa kwanza ametushauri tutumie kodeki ya G.711, wa pili G.729, na wote wamezungumzia pakiti, ucheleweshaji na mtikisiko bila kufafanua. Naomba ulinganisho.

FundiWaya
Kodeki ni kanuni ya kugeuza sauti kuwa tarakimu. Kwa kawaida sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, na kila kipande husafiri katika pakiti yake, kwa hiyo kila upande hutuma pakiti 50 kwa sekunde. G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, ilhali G.729 huibana sauti hadi kilobiti 8. Wengi hukosea hapa, kwa sababu kila pakiti hubeba pia baiti 40 za anwani na maelezo ya safari, hata sauti iliyomo ikiwa ndogo kiasi gani. Ukizijumlisha, simu moja ya G.711 hula kilobiti 80 kila upande, na ya G.729 hula 24, wala si 8. Simu 10 kwa pamoja zitahitaji 800 au 240, na laini yako inazimudu zote. Ningechagua G.711, kwa kuwa sauti yake ni safi zaidi, na milio ya faksi haiharibiki kama inavyoharibiwa na G.729.

DadaSeva
Ndugu FundiWaya, hesabu yako ni sahihi, ila umezihesabu simu kana kwamba zinaishi peke yake kwenye laini. Mhasibu akianza kupakia mafaili makubwa, megabiti 2 hujaa na pakiti za sauti hupanga foleni kwenye ruta, kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti. Muda wa safari ya pakiti ndio ucheleweshaji, na pendekezo G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, ni usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Mtikisiko ni pale muda huo unapoyumba: pakiti hii inatumia milisekunde 30, inayofuata 90. Simu huzisubirisha kidogo ili izipange, lakini iliyochelewa mno hutupwa, na hapo neno hukatika. Ofisini kwangu tulibadilisha kodeki mara mbili bila nafuu yoyote, hadi tulipoielekeza ruta itangulize pakiti za sauti.

Vipuri_Moro
Kwa nini pakiti iliyopotea isitumwe tena, kama ilivyo kwa barua pepe?

FundiWaya
Barua pepe hutumia TCP, kanuni ya kusafirisha pakiti ambayo hurudia kutuma zilizopotea. Sauti kwa kawaida hutumia kanuni nyingine, UDP, ambayo hairudii, kwani silabi ikifika baada ya sentensi kwisha haina kazi. Na DadaSeva amenirekebisha kwa haki: ruta kwanza.

MzeeWaMnara
Wanangu, kabla ya Seacom, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, kutufikia mwaka 2009 tulitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Kupanda na kushuka pekee kulichukua takriban robo sekunde, na hakuna kodeki iliyoweza kuirudisha. Kijana, pima ucheleweshaji wa laini yako saa za kazi, si usiku.

Vipuri_Moro
Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Jumatatu saa nne asubuhi nitapima, kisha nitaipanga ruta na kuanza na G.711. G.729 nitaiweka kwenye tawi letu linalotumia modemu ya simu.