Profa wa picha za mapafu mwenye h-indeksi kubwa, ndo supavaiza mzuri?

MtotoWaShangani
Wakuu habari za usiku. Mi ni mtu wa mionzi, mwaka wa sita huu napiga eksirei hospitali moja hapa Mtwara, sasa nataka kuomba masta. Kuna profa wa nje kabobea kwenye picha za mapafu, nimemcheki Google Scholar nikakuta kanukuliwa mara elfu kumi na kitu, h-indeksi imepita 50. Jamaa yangu ananiambia ukimpata huyo mambo yako yamenyooka, ila mi roho inasita maana hata sijui hizo namba zinapima nini. Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho wanakuja watu wanakohoa, mashati bado yana vumbi la njano mabegani, namwambia mtu vuta pumzi ushikilie anashindwa, anakohoa, tunarudia tena. Hicho ndo nataka kusomea, hayo mapafu ya wapuliziaji. Namba za profa niziangalieje?

Mdau_Mikindani
Mkuu, h-indeksi ililetwa na mwanafizikia wa San Diego anaitwa Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiambiwa mtu ana 50 maana yake ana makala 50 ambazo kila moja imenukuliwa mara 50 au zaidi. Kwahiyo haishuki, aliyeandika miaka thelathini mara nyingi anamzidi aliyeanza juzi hata kama wa juzi ndo mkali. Halafu Google Scholar inahesabu mpaka tasnifu na makala ambazo hazijapitiwa, ukimtafuta mtu huyohuyo Scopus, hifadhidata nyingine inayochagua zaidi, namba mara nyingi inashuka, usishtuke.

Kingine kwenye fani yenu hiyo, fungua makala zake kubwa uone ni za aina gani. Miongozo inanukuliwa kuliko utafiti. Mfano ile ya Fleischner Society, chama cha wataalamu wa picha za kifua, ya vinundu vya mapafu (vivimbe vidogo) kwenye siti skani, ilitoka 2005 wakaihuisha 2017, ndo inasema kinundu kigumu cha chini ya milimita 6 kwa mtu asiye na hatari kubwa ya saratani kwa kawaida hakihitaji kufuatiliwa. Kila anayeandika kuhusu vinundu anaitaja. Sasa kama profa wako jina lake liko katikati ya majina ishirini kwenye miongozo miwili mitatu ya hivyo, namba inapaa wakati kazi aliyoifanya kwa mkono wake hujaiona bado.

BabuWaFilamu
Naongezea hapo, mimi nimesoma picha tangu zile filamu za kuning'iniza kwenye taa. Kijana, ukiona mpaka wa moyo upande wa kulia umefutika unasema tatizo liko sehemu ya kati ya pafu la kulia, si ndio? Hiyo ni alama ya silueti, aliyeifanya ijulikane ni Benjamin Felson wa Cincinnati, makala aliitoa na mwenzake mwaka 1950. Tunaitumia kila siku ya Mungu na hakuna anayeandika jina lake kwenye ripoti. Na Hounsfield, injinia aliyebuni siti skani, je? Kila siti skani duniani inasomwa kwa vipimo vyake, maji 0, hewa -1000, alipata Nobel 1979 na hakuwa profesa. Kazi ikishaingia kwenye mikono ya watu huacha kunukuliwa. Kwahiyo namba ndogo isikufanye umdharau mtu.

BintiNachingwea
Kaka shikamoo kwanza kwa kuwaza wapuliziaji, baba yangu ni mmoja wao. Mi nimemaliza masta mwaka juzi, niko Lindi. Nilichagua supavaiza kwa ukubwa wa namba, miezi minne barua pepe hazijibiwi, nikaja kubadilisha. Ushauri wangu, chukua makala zake za miaka mitano ya karibuni angalia jina la kwanza ni la nani. Kwenye tiba wa kwanza ndo kafanya kazi na wa mwisho ndo mkubwa wao, ukikuta wanafunzi wake wako mbele na yeye nyuma, huyo analea. Ukikuta yeye yuko mbele kila mahali jiulize. Halafu waandikie hao wanafunzi wake uwaulize.

Na usiogope kwamba huku vifaa vichache. Lichtenstein yule Mfaransa wa ultrasaundi ya mapafu, vitabu vilikuwa vinasema hewa inazuia huwezi kuona kitu, akang'ang'ana nayo miaka mingi, 2008 akatoa itifaki ya BLUE, utaratibu wa kutafuta kwa ultrasaundi kwa nini mtu anashindwa kupumua, kwa wagonjwa 260 wa chumba cha mahututi, leo inatumika kila kona. Ultrasaundi hata huku tunayo.

MtotoWaShangani
Babu shikamoo, dada asante sana, mpe pole mzee. Nimekaa hapa nimefungua makala zake 31 za tangu 2019, wanafunzi wako mbele kwenye 4 tu, na vumbi la mashambani hajaligusa hata mara moja. Nimepata mwingine h-indeksi 14, anashughulika na TB na vumbi la migodini, wanafunzi wake wako mbele karibu kote. Nimemwandikia mmoja wao saa hii, nasubiri.