Huyu "Je, Wajua?" wa grupu la mtaa leo amenifikisha mwisho!!

Kitumbua Moto:

Wakuu, naandika kwa mkono mmoja, tena wa kushoto, kwa hiyo mkiona herufi zimepandana msinisahihishe, sina hali.

Simtaji. Sina haja ya kumtaja, mnamjua. Kila grupu lina wake lakini huyu wa kwetu ndiye mbegu. Yule ambaye adhana ya alfajiri haijaisha yeye ameshatuma "Je, wajua?" pamoja na picha ya waridi lina umande. Huyo huyo.

Sasa sikieni. Jioni hii nakaanga sambusa za oda ya watu, mafuta yamechemka kisawasawa, moja ikaniponyoka ikatumbukia kwa kishindo, mafuta yakaniruka mgongoni mwa kiganja mpaka kwenye kifundo. Nilipiga yowe mpaka paka wa jirani akahama mtaa. Nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu, maana mle ndani kuna nesi na kuna mwenye bajaji. Nikaandika: "Jamani nimeungua mafuta, aliye karibu na bajaji anisogeze zahanati."

Ujumbe wa kwanza kuingia. Wa KWANZA. Kabla ya pole, kabla ya "loh":

"Je, wajua? Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote katika mwili wa binadamu."

Jamani!

Hicho kiungo kikubwa kinamenyeka kama nyanya iliyomwagiwa maji ya moto, yeye ananipa somo! Na chini yake watu wamejaza madole gumba. Mwenye bajaji, huyo huyo niliyekuwa namlilia, naye kaweka dole gumba. Bajaji hajaleta, dole kaleta.

Hajaishia hapo. Akashusha na ya pili: "Paka dawa ya meno, inatoa moto." Inautoa inaupeleka wapi? Ndipo nesi akaingia, akasema weka mkono chini ya bomba, maji yatiririke, ya baridi ya kawaida siyo ya barafu, dakika 20, usipake kitu chochote. Unajua bwana yule alimjibuje? Mtu aliyesomea kazi yake, anayevaa sare? "Asante kwa maoni yako." MAONI!

Na siyo leo tu. Maji yalipokatika mtaa mzima, watu wanahangaika na madumu, mzee mmoja kauliza kwa adabu zake kama huko juu yametoka. Akajibiwa: "Je, wajua? Asilimia 71 ya uso wa dunia imefunikwa na maji." Mzee wa watu akajitoa kwenye grupu. Ndiye aliyekuwa mweka hazina wa ulinzi shirikishi, na daftari kaondoka nalo.

Simu yangu ilipotumbukia kwenye ndoo akasema niifukie kwenye mchele. Nikaifukia, mchele wa Kyela, ule mzuri wa wageni. Simu haikuamka na punje ikanasa kwenye tundu la chaji. Baadaye nikakuta Apple wenyewe wameandika simu iliyolowa isiwekwe kwenye mchele. Nikamtumia aone. Jibu: "Je, wajua? Mchele ni chakula kikuu cha zaidi ya nusu ya watu duniani."

Lakini yote hayo nilimeza. Hili la leo halimezeki. Mtu anaungua, unamwambia ngozi ndiyo kiungo kikubwa. Nikifumba macho naiona ile alama ya kuuliza baada ya "wajua". Je, wajua? NDIYO NAJUA, NAIONA INAVYOTOKA!

Na msije kuniambia ana nia njema. Nauliza kitu kimoja tu: atolewe kwenye grupu, au nihame mimi?

Gunia la Misumari:
Jina lako Kitumbua Moto halafu unashangaa kuungua? Nimekaa mbele kabisa, karanga ninazo.

Shangazi wa Tandale:
Pole sana mdogo wangu. Huyo namjua. Si ndiye aliyetuma ile ya kuweka sabuni ya mche chini ya shuka kuzuia mkazo wa misuli? Mume wangu alilalia sabuni mpaka akaamka na mhuri wa kiwanda mgongoni.

Mzee Kobazi:
Huyo yuko kwenye kamati yetu ya harusi. Mwenyekiti kauliza nani hajamalizia ahadi, yeye akatuma kwamba pweza ana mioyo mitatu. Ahadi yake laki moja, hajatoa hata moyo mmoja.

Kitumbua Moto:
Siyo yeye huyo mzee wangu, wa kwetu hajawahi kuchangia harusi ya mtu.

Mzee Kobazi:
Basi ndiye huyo huyo.

Bibi Harusi Mtarajiwa:
Kwetu alikuwa kwenye grupu la msiba. Watu wanaandika "Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema", yeye akashusha kwamba kucha na nywele za maiti huendelea kukua. Kwanza ni uongo, ngozi ndiyo inayosinyaa kucha zikaonekana ndefu. Halafu hata ingekuwa kweli, baba wa watu hajafikishwa hata makaburini!

Kamusi Tembezi:
Mleta uzi, pole. Ila kwa faida ya wanaosoma, alichosema ni sahihi. Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa inafikia karibu mita 2 za mraba. Sioni kosa lake.

Kitumbua Moto:
NI WEWE??

Gunia la Misumari:
Ni yeye. Mkamate.

Kamusi Tembezi:
Mimi niko Dodoma.

Gunia la Misumari:
Hata yeye angesema yuko Dodoma.

Sijalala:
Picha ya mkono iko wapi? Uzi wa kuungua bila picha ni chai.

Zamu ya Usiku:
Mimi ni muuguzi, nisemeni lakini sikilizeni. Dawa ya meno, asali, siagi, unga wa ngano, majivu, vyote hivyo mnavyopaka, sisi ndio tunaokuja kuvikwangua juu ya kidonda na mgonjwa analia upya. Mleta uzi, kama una pete au bangili vua sasa hivi kabla mkono haujavimba. Malengelenge usiyatumbue. Na kama limevuka ukubwa wa kiganja chako au limezunguka kifundo, usilale nalo nyumbani.

Kijana wa Bibi:
Bibi yetu alitupaka ute wa yai sote na tukapona.

Zamu ya Usiku:
Mlipona na yai likiwa juu yenu. Hamkuponywa na yai.

Kijana wa Bibi:
Umemvunjia heshima bibi.

Mke wa Fundi:
Dada, wa kwako anatuma maneno tu. Mimi wa kwangu ni mama mkwe, na yeye anafuatilia utekelezaji. Kasoma mahali kwamba choo kikimwagiwa jiki na siki kwa pamoja kinang'aa kama cha hotelini. Akanipigia simu niende nikafanye, yeye asubiri matokeo hewani. Mimi na heshima zangu nikaingia, nikafunga na mlango ili harufu isifike sebuleni. Nilitoka nikitambaa. Macho yanawaka, kifua kimebana, kikohozi mpaka majirani wakaja na maziwa. Kumbe vile vitu viwili vikikutana vinatoa gesi ya sumu. Nikamrudia mama mkwe kwenye simu, bado yuko hewani, anauliza: "Kimeng'aa?"

Shangazi wa Tandale:
"Kimeng'aa?" 😂😂😂 Nimeangusha mwiko.

Kamusi Tembezi:
Hiyo ni gesi ya klorini. Wajerumani waliitumia vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915.

Gunia la Misumari:
Kamusi baba, mtu anakohoa.

Kitumbua Moto:
MNAONA? Mnaona sasa ninavyoishi? Mtu anakufa chooni, mwingine anakuletea Ubelgiji! Ndivyo ilivyokuwa jioni hii, neno kwa neno, ngozi ndiyo kiungo kikubwa!

Mzee Kobazi:
Tumeshasikia kiungo, binti.

Mpishi Asiyelipwa:
Tukiwa hapo hapo, magadi na siki kwenye sufuria iliyoungua nayo ni kiini macho. Povu lile linafurahisha macho tu, vinauana vyenyewe kwa vyenyewe yanabaki maji yenye chumvichumvi. Weka maji na magadi, chemsha, acha ulale, asubuhi ukoko unabanduka. Siki mwekee kachumbari.

Shangazi wa Tandale:
Hapo sawa. Na mchuzi ukizidi chumvi tupia kiazi kizima, kinainyonya yote.

Mpishi Asiyelipwa:
Shangazi, shikamoo, lakini hapana. Kiazi kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake. Ulichobakiza ni mchuzi mdogo wenye ukali ule ule, na kiazi cha chumvi. Ongeza tui au maji, basi.

Shangazi wa Tandale:
Marahaba. Nimepikia watu mimi kabla hujazaliwa. Wewe umeshapika pilau la msiba la watu mia tatu? Kiazi kinanyonya!

Mpishi Asiyelipwa:
Nimepika la harusi.

Shangazi wa Tandale:
La harusi watu wanakula hata bichi kwa furaha. Msibani ndipo utajua.

Bibi Harusi Mtarajiwa:
Samahani, watu wanakula bichi harusini? Yangu ni Jumamosi, mmenitia presha.

Sijalala:
Picha bado.

Chumba cha Mwisho:
Nyie mnagombania kiazi, mna raha zenu. Njooni kwangu. Wapangaji sita, mita moja ya LUKU, tunachanga sawa kwa sawa. Kuna mmoja, mnamjua, ana friji la kugandishia barafu za kuuza, ana pasi ya kunyooshea sare za wanafunzi wa nusu ya kata, na ana jiko la umeme. Umeme ukiisha saa nne usiku, yeye ndiye wa kwanza kugonga milango: "Jamani, nani hajatoa?" Nikamuuliza mbona unaisha haraka. Akaniambia ni taa yangu ya kusomea.

Mke wa Fundi:
Taa ya kusomea!!!

Gunia la Misumari:
Huyo namjua, kapanga kwetu. Ana kofia ya bluu.

Chumba cha Mwisho:
Hana kofia.

Gunia la Misumari:
Basi kaiuza anunue barafu.

Kitumbua Moto:
Jamani samahani, mkono umeanza kufura, na yule mtu ametuma nyingine sasa hivi kwenye grupu, eti je, wajua asali haiozi...

Mzee Kobazi:
Subiri kidogo mwanangu, tuko kwenye umeme. Wewe Chumba cha Mwisho, mwenye nyumba anasemaje?

Chumba cha Mwisho:
Mwenye nyumba anasema tumalizane kiutu uzima. Anakuja mwisho wa mwezi tu, na akija anapewa barafu ya bure ya ukwaju.

Zamu ya Usiku:
Kitumbua, umeambiwa nenda zahanati, bado uko hapa? Nenda. Uzi utaukuta.

Kijana wa Bibi:
Fungeni mita ndogo kila chumba. Pasi ya kawaida inakula wati elfu moja na zaidi ikiwaka, taa ya kusomea ya kisasa haifiki hata kumi. Mwekee hesabu hiyo mlangoni, abandikiwe.

Kamusi Tembezi:
Naongezea: uniti moja ni wati elfu moja kwa saa moja. Kwa hiyo taa ya wati kumi itawaka saa mia ndipo imalize uniti moja.

Chumba cha Mwisho:
Kamusi, leo ndiyo mara ya kwanza nakupenda. Andika vizuri nikachapishe, herufi kubwa.

Shangazi wa Tandale:
Ukichapisha usibandike kwa unga, panya watakula. Na wewe Mpishi, nimepima hapa nyumbani sasa hivi, mchuzi umepoa chumvi.

Mpishi Asiyelipwa:
Umeongeza maji?

Shangazi wa Tandale:
Kidogo tu, kiazi kisikauke.

Mpishi Asiyelipwa:
Shangazi!

Mke wa Fundi:
Chumba cha Mwisho, fundi wangu yupo, hizo mita ndogo anafunga. Ila huyo wa barafu atakubali kuchangia ufundi?

Chumba cha Mwisho:
Nimemuuliza dirishani sasa hivi. Anasema tuanze na taa yangu.